Mashua ya Mkonze na Injini Yangu ya Kusaga

Mimi nimeolewa na mwanamume mwenye mashua, na nakaa Mkonze, huku Dodoma kwenye ukame. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tumalize, maana mimi nilishacheka mpaka mbavu zikakomaa. Hapa kwetu maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Yakija, unawaacha wageni sebuleni na chai yao unakimbilia ndoo. Korongo letu lina mchanga mwaka mzima. Siku ya mvua linajaa, linabeba mbuzi wa watu, kesho yake limerudi kuwa mchanga kama vile halikufanya kitu. Na katikati ya uwanja wangu, pale pale nilipokuwa naanika mtama, kumekaa mashua ya tanga. Mlingoti wake umepita paa la nyumba. Kunguru wamehamia. Kuku wangu mwekundu anatagia humo ndani, hataki tena tenga.

Mzee wangu alikuwa dereva wa malori maisha yake yote. Alipostaafu akaanza kuzunguka uwanjani kama jogoo aliyefungiwa. Anapanga mawe. Anapangua mawe. Ananifundisha kupika ugali, mimi niliyemlisha huo ugali mpaka akaota kitambi! Nikamwambia, baba, hebu nenda ukatembee. Hilo ndo kosa la kwanza, kumruhusu mwanamume atembee bila kumuuliza anaenda wapi.

Akaenda bwawani Mtera, kwa rafiki yake waliyeendesha naye malori. Huyo ni Mhehe, kwao ni ng'ambo ya bwawa, na kwa sisi Wagogo Mhehe ni mtani. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu akakutukana, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeharibu. Basi huyo mtani alikuwa anavua samaki siku hizi, na mtumbwi wake amefungia tanga la turubai. Akampandisha mzee wangu, upepo ukawasukuma mpaka kwenye kisiwa na kurudi.

Akarudi nyumbani macho yamemtoka. "Mama! Upepo! Upepo wa bure!"

Nikamwambia, "Baba, Dodoma nzima upepo ni wa bure. Tangu nizaliwe nakula vumbi lake bure."

Hakusikia. Eti atatengeneza mashua kubwa, yenye kachumba, tuzunguke bwawa zima taratibu, kuanzia kwenye ukuta mpaka kule mito inakoingilia. Tulale humo, tupike humo, tuamke tunaangalia ndege. Mimi na yeye. Nikauliza, yeye na nani? Mimi kitanda changu hakina viboko chini yake, kwa nini nikakitafute chenye viboko?

Na fundi aliyemtafuta ndo balaa lenyewe. Hapa Mkonze fundi wa mashua utamtoa wapi? Akamchukua fundi wa vitanda na majeneza. Mashua ikatoka mbele ina ubao wa kichwani kama kitanda cha bwana harusi, nyuma imebana kama jeneza. Watu wakipita barabarani wanasimama. "Shikamoo babu, Mungu amekwambia mvua inakuja lini?" Naye anawajibu vizuri kabisa, anawaelezea mbao. Hajui anachekwa. Au anajua, hajali. Wanaume wakishapenda chuma na mbao, aibu inawatoka.

Haya. Mashua ikasimama, ikazibwa matundu kwa pamba na lami, uwanja mzima ukanuka barabara mpya. Mtani akaja kuitazama. Wakakaa kivulini mwake wanakunywa chai yangu, na hapo ndo ugomvi wa injini ulipoanza, maana upepo nao una siku zake. Unaweza kulala ukiwa katikati ya maji, au ukakupiga usoni siku unayotaka kurudi nyumbani. Lazima kuwe na mashine. Ipi sasa?

Mtani akasema, "Mashine ya kupachika, ile ya petroli. Unaining'iniza nyuma. Upepo ukiwepo unainyanyua, haigusi maji, mashua inateleza. Ukiingia kwenye magugu unainyanyua, unayatoa kwa mkono. Ikifa unaibeba begani unampelekea fundi. Hiyo dizeli unayoitaka wewe, ikifa utambeba fundi begani umpeleke katikati ya viboko?"

Mzee wangu akaweka kikombe chini. "Na wimbi likija? Mashua si inainua makalio? Lile pangaboi la kusukuma maji linatoka nje linasaga hewa, kelele tupu, mwendo hakuna. Dizeli inakaa chini tumboni, pangaboi liko kwenye maji saa zote. Na petroli ni moto. Jiko hapa, petroli pale. Unataka nimzike mke wangu akiwa mkaa?"

"Mke wako nani?" nikasema. "Mimi siendi."

"Mtani wangu huyu haendi," yule Mhehe akadakia. "Mgogo na maji wapi na wapi? Ninyi mnaoga kwa kikombe, na kikombe hicho hicho kesho mnakinywea uji."

Nikamjibu, "Afadhali sisi. Ninyi mnakula mbwa, mpaka mbwa wenu wakajifunza kuogelea kwa kuwakimbia."

Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Lakini mzee hakucheka, alikuwa bado kwenye dizeli yake. Dizeli ina nguvu. Dizeli inakunywa kidogo. Dizeli imemtoa Tunduma mpaka Tanga na mzigo wa saruji. Anaongea kama mtu anayemsifia mchumba. Mtani akamwambia, "Sikiliza wewe, mashua ya tanga siyo lori. Chuma chote hicho, upepo utasukuma mashua au utasukuma uzito wako? Na likipulizwa tanga ukaizima injini, lile pangaboi linabaki majini linakuvuta nyuma, kama mtoto kakushika gauni."

Mimi nikauliza swali langu moja tu. "Hilo pangaboi liko nje, injini iko ndani. Zinaunganaje?"

"Kwa shafti, mama. Tunatoboa nyuma, pale chini."

"Chini ya maji?"

"Chini ya maji. Lakini tunazungushia kamba yenye grisi, maji hayaingii."

Jamani! Watu wameziba matundu msimu mzima, mpaka mahali pa sindano wameweka lami, halafu wanatafuta keekee watoboe tundu la kupitisha mkono. Nikawaangalia wote wawili, wazee wazima wenye mvi, nikasema Mungu anisamehe, lakini hawa tuliowapa nyumba waziongoze, tuliwapa kwa sababu gani?

Kisha nikauliza tena. "Na hiyo dizeli unaitoa wapi?"

Mzee akanyanyua kikombe akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu. Macho yake yakatembea, yakapita mti wa mwarobaini, yakapita banda la kuku, yakatua kwenye kibanda changu cha mashine ya kusaga.

Nikaweka birika chini.

Niwaambieni kuhusu ile mashine. Mimi shule niliijua kwa nje zaidi ya ndani, lakini mikono yangu ilisoma. Nilikwenda Makutupora msimu baada ya msimu, nakata matawi ya zabibu, nabeba makreti, najifunga kitambaa kichwani jua lisinipasue, mpaka nikanunua kinu na injini yake ya dizeli. Ni yangu. Ndogo, nyeusi, ina chombo cha maji kichwani kinachemka kama birika. Ukiipiga hendeli inakohoa, inatukana kidogo, halafu inaanza, tu-tu-tu-tu, mtaa wote unajua bibi kaamka. Wanawake wanakuja na ndoo zao za uwele, za mtama, za mahindi. Na hakuna mwanamke anayesaga bila kusema. Hapo ndo najua nani kaposwa, nani karudi kwao, mchungaji kagombana na nani. Nakaa pale uso mweupe kwa unga kama mzungu, nacheka. Ukiniondolea mashine ile, mimi nabaki bibi wa kukaa kibarazani kutazama bodaboda.

"Ile inalala tu, mama," mzee akasema, kwa sauti ile ya kubembeleza ng'ombe. "Dunia imehamia kwenye umeme. Nitakuwekea mota. Unabonyeza tu."

"Umeme? Umeme wa hapa nao unakuja ukijisikia, umefundishwa na maji! Ukikatika, ile mashine ya barabarani inakaa kimya, na wote wanakuja kwangu. Baba, gusa mke wa jirani, usiguse injini yangu."

Kuanzia saa ile mimi nikawa mtu wa mashine ya kupachika. Nikaisifia kuliko mwenyewe. Nyepesi! Inanyanyuka! Haitobolewi tundu! Mtani akafurahi, akasema kumbe Wagogo wana akili wakitishwa. Ile ya kwake ya zamani ilikuwa haina kazi tangu anunue nyingine, akaahidi kuileta.

Akaileta kwa basi, kaifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Wakaipachika kwenye ubao wa nyuma wa mashua. Nikadhani wanavuta kamba basi, inaunguruma, tumemaliza. Thubutu! Eti mashine hii haiwashwi kwenye hewa, inaungua. Inavuta maji kwa chini ijipoze. Lazima miguu yake iwe ndani ya maji.

Na maji yako wapi hapa Mkonze? Kwenye pipa langu. Maji niliyoyapanga foleni, niliyoyakinga ndoo kwa ndoo, ya kunywa, ya kuoshea, ya kuku. Nilitaka kukataa. Lakini nikikataa hii, ile nyingine inaondoka kibandani. Nikaangalia pipa, nikaangalia kibanda, nikasema chukueni. Kwa meno.

Wakasogeza pipa chini yake, wakaitumbukiza miguu. Mtani akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, kimya. Mzee wangu anajikuna kidevu kwa raha. Mtani akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwenye shati, akavuta kwa hasira, na ile kitu ikaamka! Pipa likaruka ngoma. Maji yakapanda juu kama chemchemi, yakamwagikia kuku, yakamwagikia nguo zangu kambani, moshi wa buluu ukafunika uwanja, bata wa jirani wakaja mbio wakidhani mvua. Halafu ikafa. Kwenye pipa yakabaki maji ya chini tu, meusi, yana mafuta juu yanang'aa kama shingo ya njiwa.

"Kabureta imechafuka," mtani akasema.

"Dizeli haina kabureta," mzee wangu akasema, taratibu, kama anayesoma somo kanisani.

Nikawaambia wote wawili watoke mbele ya macho yangu kabla sijawatumbukiza kwenye lile pipa kichwa chini.

Baada ya hapo mzee akaniapia, sitaigusa mashine yako. Nikamwamini. Dada yangu kule Kibakwe alikuwa anavuna maharage, akaniita nikamsaidie kupura. Nikaenda. Nikala maharage mabichi, nikaongea mpaka koo likakauka, nikarudi na kiroba changu.

Nimeshuka kwenye bodaboda, naona wanawake wamejaa uwanjani, wamekaa juu ya ndoo zao, kimya. Wanawake wengi na kimya! Nikajua kuna msiba.

"Shikamoo bibi," mmoja akasema.

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu, bibi. Mashine imepanda meli."

Nikachungulia kibandani. Kinu kimesimama peke yake, mkanda umeanguka chini kama nyoka aliyeuawa. Nikaenda kwenye mashua. Injini yangu iko tumboni humo, imefungwa na boliti juu ya magogo, imepakwa na rangi ya kijani kama mashua yenyewe! Mzee hayupo. Kaenda na mtani kutafuta lori na vijana wa kubeba mashua, waipeleke Mtera kabla sijarudi. Na siku yenyewe, umeme umekatika tangu jana. Mama mmoja mtoto wake anapata kipaimara kesho, ana gunia zima la mahindi halijasagwa, machozi yako hapa.

Nilisimama pale. Kwanza nilitaka kulia, halafu nikaona jambo. Humo kwenye mashua, karibu na injini, kulikuwa na kiti. Kiti cha mbao chenye mgongo, kimewekwa godoro, kimekatwa sawasawa na urefu wangu. Yule mzee anajua mgongo wangu unauma nikikaa kwenye kigoda. Amenitengenezea kiti kwenye safari niliyokataa. Mjinga yule.

Nikakanyaga juu nikakaa. Kilikuwa kizuri. Nikatazama injini mbele yangu, nikatazama kinu kule kibandani, nikasema, "Wanawake! Kama injini haiwezi kwenda kwenye kinu, kinu hakina miguu?"

Spana zangu nazificha kwenye debe la chumvi. Tukafungua kinu, tukakizunguka, tukaimba ule wimbo wa kutwangia, hoya, hoya, kikapanda. Tukakiweka mbele ya injini, tukavuta mkanda. Ukalegea. Mama mmoja muuza kuni akasukumia gogo nyuma ya kinu mpaka mkanda ukakaza. Huyo huyo akashika hendeli, ana mikono kama mapaja yangu. Ikakohoa. Ikatukana. Tu-tu-tu-tu!

Mashua yote ikatetemeka. Kuku mwekundu akaruka na mayai akayaacha. Na honi! Sijawaambia, mzee alikuwa ameshafunga honi ya lori na betri yake, maana kwake chombo kisicho na honi siyo chombo. Ule mtikisiko ukagusisha waya na waya, honi ikaanza kulia yenyewe, pooo, pooo, mtaa mzima ukatoka nje. Unga ukaanza kushuka. Mweupe, wa moto. Yule mama wa kipaimara akacheza hapo hapo.

Ndo wakafika. Lori, vijana, mtani, na mzee wangu mbele kavaa kofia. Akasimama getini. Mashua yake ya kijani imekuwa nyeupe, mlingoti unatikisika na kunguru wanapiga kelele, mimi nimekaa kwenye kiti changu namimina mahindi.

"Mama," akasema. "Mashua yangu inafanya nini?"

"Inasafiri, baba. Panga foleni, leta ndoo yako."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ndogo, "Unaniaibisha mbele ya watu. Umenisubiria niwe mbele ya watu." Na mimi nikawa namjibu, nani alimsubiria nani asiwepo? Sauti zikapanda. Mtu akazima injini. Ilikuwa imeshakuwa ya kweli sasa, siyo mchezo. Wanawake wakaanza kutazama ndoo zao. Angesema neno moja, mimi ningesema mawili, na kule Kibakwe dada yangu ana chumba.

Hapo mtani akajitupa chini.

Kwenye msiba, kwetu, mtani ndo anayeruhusiwa kumwigiza marehemu watu wacheke. Basi akajilaza chini ya mashua, mikono kifuani, macho kafumba, kofia ya mzee kaiweka tumboni. Akaanza kulia kama mjane, "Uuuwi, nahodha wetu! Amekufa kwa dizeli! Hajalowa hata kidole!" Akaamka, akawa yeye ndo marehemu, anashika usukani wa hewani, anaingiza gia, anatafuta rivasi. "Jamani, injini ya kusagia haina rivasi! Naenda, naenda, naugonga ukuta wa bwawa!" Akaanguka tena. "Nizikeni humu humu, fundi ni wa majeneza!"

Fundi mwenyewe alikuwa kwenye wale wabebaji. Akainamisha kichwa.

Mzee wangu alijizuia. Nilimwona anajizuia, shingo imevimba. Lakini utamkasirikia vipi mtani? Pua ikaanza, mabega yakafuata, mwisho akacheka mpaka akashika mlingoti.

"Marehemu ameacha injini," mtani akatangaza akijifuta vumbi. "Mrithi ni mjane. Ameacha tanga, hilo nalichukua mimi kwa haki ya utani. Na marehemu mwenyewe namchukua, akajifunze kuvuta kamba."

Ndivyo ilivyokwisha. Na siyo kwa hoja, maana hoja walikuwa nazo wote wawili na zote zilikuwa upuuzi. Tanga likaenda Mtera kwenye mtumbwi wa mtani, nyuma yake ile mashine ya kupachika. Mashua ikabaki hapa. Nimeiezekea bati, mlingoti tumeuacha, wageni wanaelekezwa nao. Watu siku hizi hawasemi naenda kusaga, wanasema naenda melini. Injini iko pale pale ilipofungwa, na kiti changu kiko pale pale, mgongo hauumi.

Wiki hii mzee kanipigia simu kutoka majini.

"Mama, upepo umekufa."

"Si mna mashine?"

"Imeingia magugu."

"Si inanyanyuka? Si mlisema inanyanyuka?"

"Tumeinyanyua. Tumetoa magugu. Sasa kamba ya kuvutia imekatika."

"Kwa hiyo?"

"Tunapiga kasia."

Nikaipeleka simu karibu na injini yangu, nikaishika hapo, tu-tu-tu-tu, asikilize mpaka atosheke. Nilipoirudisha sikioni nikasikia maji yanapigwa na kasia, na mtani akimfokea avute upande wa kushoto. Halafu mzee akasema, taratibu:

"Mama, hiyo inadai oili. Usiendelee kusaga, nakuja kuibadilisha."

"Njoo," nikamwambia. "Ila njoo kwa basi."